Dua niliyoisoma kwenye gari nyekundu

Wenzangu, leo nimemwombea mpinzani wa mwanangu, na Mungu kajibu papo hapo!

Nimetoka Newala alfajiri kuja Masasi kwenye mashindano ya vigari vidogo vya mbio ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Rehema wangu ndiye dereva wa chuo chao. Yuko mwaka wa mwisho, na kombe hajawahi kulishika.

Kaniambia, "Mama, mimi gari nyekundu."

Nikamwona kwenye mstari, helmeti imemfunika uso wote. Nikainama, nikamsomea Fatiha, nikampulizia kichwani.

"Amina, mama," akaitikia.

Mbio zikaanza. Ile nyekundu ikawaacha wote! Napiga vigelegele mpaka ushungi unaniteleza.

Ikashinda. Dereva akavua helmeti.

Si Rehema. 🙈

Kumbe nyekundu zilikuwa mbili. Wangu kawa wa pili, anakuja kanuna. "Mama! Nakuita, injini zinapiga kelele hunisikii, unamwombea Agnes wa chuo kingine!"

Nikakosa pa kuficha uso. Agnes naye huyo, kapiga goti. "Shikamoo mama. Mimi Mkristo, ila nilikuwa natetemeka. Ulivyonipulizia, mikono ikatulia."

Marahaba, mwanangu. Nikamwinua.

Rehema akatutazama, kicheko kikamponyoka. "Basi Agnes, mama mchukue, kombe niachie mimi!"

Agnes kakataa. Anataka vyote viwili. 😂

Haya, nyie mngemjibu nini?