Njia Aliyoichagua Bibi

Wajukuu zangu waligombana juu ya njia kabla hata dereva hajawasha gari. Mmoja alitaka tupande moja kwa moja kutoka Rumonge kwa barabara ya kando ya mto. Mwingine akasema hiyo imeharibiwa na mvua, afadhali tuzunguke ile ya mbali inayopita mgongoni mwa mlima, ambako upepo ni mzuri na mtu analiona ziwa lote. Walikuwa wamevaa viatu vya kutembelea, wamebeba mikate na chupa za chai, maana siku hizi vijana hupanda milima kwa kujifurahisha tu. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na mkongojo wangu, nawasikiliza. Nilikuwa na safari yangu ndani ya safari yao, na hiyo nitakueleza.

Mjukuu wangu wa kike akainama dirishani. "Bibi, tupite wapi? Hii ya mutoni iko mubaya kidogo, lakini iko hafi."

Hafi. Kwa Kirundi maana yake ni karibu, na watoto wetu wanalichanganya na Kiswahili bila kufikiri. Mimi nimeolewa na Mrundi, nimezaa na Mrundi, Kirundi nakisema hata ndotoni. Lakini neno hilo likinijia ghafla, sikio langu husikia Kiswahili kwanza: hafi, huyu hafi, kifo hakimpati. Nikamwambia dereva azunguke, apite juu, na hakuna aliyebisha, kwa sababu sauti yangu haikuwa ya mchezo.

Basi nisikilize, ndugu yangu. Rumonge niliyozaliwa, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, haikuwa hii ya michikichi iliyopangwa mistari. Ilikuwa vijumba vya udongo vya watu waliovuka ziwa kutoka Manyema na wengine waliotoka Ujiji, na nyuma yake vichaka hadi miguuni mwa mlima. Asubuhi tuliamshwa na kelele za wanawake wakianika dagaa mchangani, wakitukana kunguru. Kazi yangu ilikuwa kufukuza hao kunguru kwa kijiti, na malipo yangu yalikuwa ugali wa muhogo uliomwagiwa mawese ya moto, hadi kidevu kikawa chekundu. Ukinipa leo nyama ya mbuzi na ugali ule, nyama utaila peke yako.

Nililelewa na mama na bibi mzaa baba. Baba alikuwa mtu wa mtumbwi, akienda kufuata chumvi upande wa Ujiji, na akiondoka huwezi kujua atarudi lini. Bibi aliletwa kutoka Manyema akiwa msichana, na miaka yote aliyokaa ufukweni hakujifunza Kirundi zaidi ya kusalimia na kununua maharage. Alisema maneno ya mlimani yanamkwaruza koo. Mimi aliniita "muke mwenzangu", kama bibi zetu wanavyotutania, na mama aliitwa naye mvivu. Mama alipenda kujinyoosha kidogo baada ya kula mchana, na Bibi alikuwa akipita hapo akigonga sufuria makusudi.

Kisha malale yakaja, na utani huo ukafa. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, ulianza kwa homa na kichwa, ukaenda hadi mtu anasinzia akiwa na tonge mkononi, na mwisho haamki. Watu walisema unaletwa na mbung'o, nzi wakubwa wa vichakani wanaouma hata juu ya nguo. Basi mtaa wetu ukaacha kulala mchana. Hapakuwa na sheria iliyotangazwa, ila ukipiga miayo mbele za watu, wanakutazama, na jioni hakuna anayekuja kuomba moto kwenu. Sisi watoto tulifinyana tusije tukasinzia. Mama alikaa wima baada ya chakula, macho yamemtoka, akishona kitu kisichohitaji kushonwa. Sijui kama unaweza kufikiria mtaa mzima unaouogopa usingizi.

Mwaka huo, wakati wa mvua ndogo, mama aliumwa jino. Alitafuna upande mmoja, akasukutua kwa maji ya chumvi, shavu likavimba. Baada ya siku kadhaa homa ikampanda, na chini ya sikio, shingoni, yakatokea matezi. Bibi aliyapapasa, akatoa mkono haraka. Tangu dakika ile hakuna mtu aliyelitaja jino tena. Woga ulilifuta vichwani mwetu, hata kichwani mwa mama mwenyewe.

Ujue kwamba daktari wa Kidachi alitambua malale kwa shingo. Alipita ufukweni na askari wake, watu wanapangwa mstari, wanapapaswa mmoja mmoja. Mwenye matezi alipelekwa kambini kuchomwa sindano, na tuliwaona wawili watatu waliorudi kutoka huko wakishikwa mkono kama vipofu, maana dawa ilikuwa imewachukua macho. Wengine hatukuwaona tena. Muuza dagaa mmoja akaleta habari kuwa daktari yuko Muhuta. Akaja mwingine akasema ameshafika Magara. Baada ya Magara ni sisi.

"Tunaenda mulimani," Bibi akasema, akifunga dagaa kwenye mkeka. "Kwa ndugu ya baba yako. Huko mbung'o haiko, na Mudachi haendi kupapasa watu kwenye baridi." Ndugu huyo alikuwa Mrundi, mfugaji, aliyechanjiana damu na baba. Bibi alikuwa hajawahi kufika kwake. Alijua tu kwamba kwake ni juu, upande wa Bururi.

Tuliondoka alfajiri. Mama alijikongoja katikati yetu, amejifunga shingo kwa kitambaa, na mimi nilibeba maji. Jua lilipochomoza tulikuwa miguuni mwa mlima, mahali njia zinapoachana. Moja ilikuwa pana, iliyofyekwa kwa amri ya Mdachi, na hiyo ilikuwa ya wapagazi na askari. Ya pili ilipanda mgongo wa mlima, mahali palipo wazi, hakuna mti hata mmoja. Ilizunguka mno, na Bibi alimtazama mama anavyotetemeka, akatikisa kichwa. Ya tatu ilishika bonde la mto Dama, ikaingia kichakani, kukawa giza kama mlangoni mwa nyumba. Tulisimama hapo. Nilikuwa nimeshika nguo ya Bibi na niliuhisi mguu wake ukitetemeka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko njia zote tatu. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kitu.

Ndipo akatokea mtu wa mlimani, mzigo wa mbaazi kichwani, anashuka kwenda kuubadilisha kwa dagaa. Bibi akamkimbilia.

"Amahoro, muzee. Huyu mukwe wangu ni mugonjwa. Tukipita hapa," akaonyesha bonde, kisha akamwonyesha mama, "atakufa?"

Yule mtu aliona kidole, akaona mgonjwa, akaelewa tunauliza njia fupi. Akatabasamu, akaonyesha bonde kwa mkono wote.

"Hafi," akasema. "Hafi, hafi!"

Sitasahau uso wa Bibi. Ulifunguka. Alimshika mama mabegani, akamwambia, "Umesikia? Amesema hafi. Mara tatu, na sikumutuma!" Akalia kidogo, akacheka, akatuvuta kichakani. Mama alikuwa na homa, akafuata tu. Mimi nilifurahi. Kirundi sikukijua zaidi ya Bibi, na niliamini mtu yule ametumwa na Mungu.

Bondeni palinuka matope na majani yaliyooza. Mbung'o walitukuta mapema. Husikii wakija, unasikia sindano tu, na ukimpiga anainuka mzima na kurudi. Bibi alivua shuka yake ya juu, akamfunika mama kichwa na mabega. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akanizungushia mimi. Akabaki na kaniki ya kiunoni, mgongo wazi, nywele nyeupe ambazo sikuwahi kuziona hadharani.

"Mama, jifunike na wewe," mama akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu tuondoke.

"Mimi ngozi yangu imekomaa. Watavunja meno. Tembea!"

Tulitembea hadi tuliposikia mapanga, kisha sauti ya askari akihesabu watu kwa ukali. Tulikuwa hatujui kwamba Mdachi ameamuru vichaka vya mtoni vifyekwe ili mbung'o wakose pa kukaa. Walikuwa mbele yetu, karibu kiasi cha kunusa tumbaku yao. Bibi alitusukuma chini ya mti ulioanguka, akatulalia juu. Na hapo, ndugu yangu, hukuweza kupiga nzi. Kofi moja lingesikika. Nilikuwa chini ya ubavu wake, nikaona mbung'o anatua mkononi mwake, anakunja mabawa, tumbo lake linajaa na kuwa jekundu. Akaja mwingine. Bibi hakutikisika. Midomo yake tu ilikuwa ikicheza sikioni kwa mama, na neno lilikuwa moja: hafi, hafi, hafi.

Walipohama upande wa pili wa mto tulitoka tukiinama. Bibi alijikuna mara moja, akanivuta mkono. Jioni tulifika juu, kwenye baridi na harufu ya ng'ombe, na ndugu wa baba akatupokea kwa maziwa ya mgando kana kwamba alikuwa anatungoja.

Mkewe alimtazama mama shingo, akamfungua kinywa, akapiga mluzi. Asubuhi akaitwa mhunzi wa kilima kile na koleo yake ndogo. Mama alipiga ukelele uliowatimua kuku, jino likatoka na usaha mwingi, na kabla mwezi haujaandama matezi yalikuwa yamekwisha. Lilikuwa jino. Tangu mwanzo lilikuwa jino. Mama alicheka hadi akalia, kisha akabaki kulia tu.

Bibi alimsimulia mwenyeji wetu habari ya mtu aliyetabiri njiani. Mwenyeji alikijua Kiswahili kwa sababu ya baba. Alisikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa. "Lakini, mama," akasema kwa heshima, "hafi kwetu ni karibu. Alikuambia njia iko karibu." Nikamtazama Bibi, nikidhani atakasirika. Aligeuza kikombe mkononi. "Karibu," akasema mwishoni. "Basi hakudanganya. Tulifika." Na akaomba maziwa mengine.

Tulikaa huko. Habari zilitufikia kwamba watu wa ufukweni wanahamishwa nyumba zao, na baba alipotupata aliamua tubaki juu. Nilijifunza kuchunga ndama, nikajifunza Kirundi, nikazoea uji wa ulezi. Huko watu walilala mchana bila aibu, na mama akarudia kujinyoosha kwake baada ya kula. Siku moja, mvua nyingine zikiwa zimeanza, alijinyoosha hivyo, nami nikangoja kusikia sufuria ikigongwa. Haikugongwa. Nikatoka nje. Bibi alikuwa amekaa ukutani, sufuria mapajani, kijiko mkononi, amesinzia juani.

Nikamfinya. Akafungua macho, akaniona, na tuliogopa pamoja, mimi na yeye. Labda mbung'o wa siku ile ndio, labda alikuwa na malale tangu zamani, kutoka ufukweni. Hakuna ajuaye, na nimechoka kujiuliza. Alichukua muda mrefu kuondoka. Mama alimlisha, alimwosha, alimgeuza, yule mvivu, na alipokuwa akimkanda miguu nilimsikia akimwambia lile neno kwa Kiswahili chake, hafi, hafi, kama yeye alivyoambiwa chini ya mti. Tulimzika kilimani kwa mwenyeji wetu, ameelekezwa kibla, Mwislamu peke yake katika kilima kizima.

Sasa gari ilikuwa inapanda mgongo wa mlima, njia ambayo Bibi aliikataa. Chini niliona bonde la Dama, na hapakuwa na kichaka, palikuwa na mihogo na michikichi na watoto wanaoga. Mbung'o hawapo. Kambi haipo, hata mawe yake sijui yako wapi. Mtaa wetu wa Manyema umebaki majina ya watu wachache. Nyuma yangu mjukuu mmoja alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, jua la saa sita usoni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumfinya. Nikaurudisha, nikamwacha alale, ingawa nilihesabu pumzi zake njia nzima.

Tulipofika juu sikuitambua hata nyumba moja. Miti mipya, mabati, ua mwingine. Vijana walishuka wakitafuta njia yao ya kupandia kileleni. Mimi nilimwona mama mmoja analima kando, nikamwita, nikamuuliza kwa Kirundi kama kuna mtu bado anajua lilipo kaburi la yule bibi Mswahili. Niliogopa atasema hapana.

Aliegemea jembe, akanitazama, akaelekeza kidevu kwenye miti nyuma yake.

"Hafi," akasema.

Ilibidi nikae chini palepale, kwenye matuta yake, kabla sijaweza kwenda.