Onyo Lililomezwa na Ukurasa Safi

Iko siku nisiyoisahau, mwanangu, nilipokuwa kijana wa kompyuta katika hospitali ndogo upande wa Karungu. Mungu ameniachia umri wa kuisimulia. Namshukuru, ingawa ni simulizi chungu.

Wauguzi wetu walikuwa na desturi tangu enzi za makaratasi: onyo kubwa la mgonjwa walilitia ndani ya mabano yenye ncha, < na >, jicho lisilipite. Tulipohamia kwenye tovuti, programu ilizifunga alama hizo kwa msimbo; badala ya bano la kwanza ikaonyesha <, na la pili vivyo hivyo. Onyo lilisomeka, lakini kwa kero.

"Ouma, hii takataka inatuumiza macho bana," sista wa wodi alimwambia mwenzangu.

"Sista, kunywa chai tu. Ukimaliza, itakuwa safi kama sahani ya harusi."

Ouma akaandika mstari mmoja wa kuzifungua alama zote, akazimimina ukurasani hivyo hivyo. Uchafu ukaisha, wodi ikashangilia. Lakini kivinjari kikikuta maneno ndani ya mabano yale hudhani ni amri yake, na amri hakimwonyeshi msomaji. Maonyo yote yalitoweka kimya kimya. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Jioni ile aliletwa Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, muuza dagaa wa omena, ana homa ya mapafu. Onyo lake la miaka mingi lilisema asipewe penisilini. Sista alitazama ukurasa, hakuona kitu, akamchoma sindano. Mama yule hakumaliza saa akiwa hai.

Chanzo kilipojulikana, Mzee Odhiambo, mkuu wetu, hakupaza sauti. "Ouma, baada ya kusafisha, ulifungua faili hata moja ukalinganisha na lilivyokuwa?"

"Hapana, Mzee. Niliona inapendeza."

"Nyathina, mwanangu, kilichofungwa kilifungwa kwa sababu. Kama huijui, usikifungue."

Ouma aliketi chini, akalia kama mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi sikia, mwanangu. Ukizifungua alama, ziandike ukurasani kama maandishi matupu, kamwe zisipite kama amri. Kisha weka faili la zamani kando ya jipya, usome neno kwa neno, kwa sababu kilichopotea hakipigi kelele.

Mungu akupe subira ya kutafuta kisichoonekana, na akuepushe na kazi inayopendeza macho huku ikimzika mama wa mtu. Amina.