Kijiko cha Mfuko wa Shati

Walimwita Kijiko, na jina hilo hakulichukia. Katika mfuko wa shati, mahali ambapo wengine huweka kalamu, yeye aliweka kijiko cha bati kilichopinda shingo, alichotoka nacho jeshini baada ya miaka kumi na tisa ya kuwapikia askari. Alipostaafu alifungua duka nyuma ya soko, chumba kimoja chenye mlango wa mabati. Alinunua kwenye minada vitu ambavyo kambi ilikuwa imevichoka: sufuria za kupikia watu mia, majiko ya pampu, sahani za bati, chupa za maji zilizovishwa nguo ya kijani, na makasha ya makopo ya chakula cha askari, nyama na maharage, yenye tarehe za zamani.

Hakuuza jiko kabla ya kuliwasha na kulichemshia chai, na mnunuzi sharti ainywe. Mke wake alimwambia kuwa wengine wanafuata chai tu, jiko hawana habari nalo.

"Basi angalau wameliona linawaka," alijibu.

Kwa makopo alikuwa na taratibu nyingine. Kila kopo aliligonga kifuniko kwa kile kijiko, sikio likiwa karibu. Kopo zima lililia kwa sauti nyembamba, kama kengele ya mbali. Lililoharibika lilitoa mlio mzito, uliokufa, nalo halikuuzwa. Wateja walidhani ni mbwembwe za mzee. Mke wake peke yake ndiye aliyejua kwamba zamani, akiwa mpishi kijana mwenye haraka, alifungua kasha zima bila kugonga, na askari kumi na mmoja wakagaagaa siku tatu. Mmoja wao hakuinuka tena. Hakuna aliyempa adhabu, maana makopo yalitoka ghala kuu na saini haikuwa yake. "Adhabu nisiyopewa ndiyo niliyoibeba," alimwambia mkewe, na tangu hapo hakulitaja tena jambo hilo isipokuwa katika sala.

Mwaka ule mto ulipovunja kingo, watu zaidi ya mia mbili walihamia kanisani na magodoro yao yaliyolowa. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, unga ulikwisha. Macho ya watu yakageukia duka la Kijiko, kwa sababu kila mtu alikuwa ameyaona yale makasha.

Fundi mwashi, ambaye nyumba yake ilikwenda na maji, alifika na toroli, mchungaji akiwa nyuma yake. Walimkuta Kijiko amekaa juu ya ndoo, suruali imelowa hadi magotini, anagonga makopo. Alikuwa akigonga tangu alfajiri. Maji yalikuwa yameingia dukani na kulala humo.

"Mzee, tumekuja kuchukua chakula," alisema fundi.

"Hakuna chakula hapa."

"Na hayo yote je?"

"Hayo ni makopo. Kama ndani yake kuna chakula, bado sijajua."

Fundi alimgeukia mchungaji. "Umesikia? Watoto wanalia kule, yeye huku anapiga ngoma."

"Waache walie, fundi," alisema Kijiko. "Anayelia yuko hai."

"Bahili wewe. Utazikwa na makasha yako."

Kijiko aligonga kopo lingine. Lililomtesa hakulisema: asubuhi ile makopo mengi hayakulia kama kengele wala kama gogo, yalilia katikati. Tena sikio la kushoto lilikuwa limeanza kumdanganya tangu mwaka uliotangulia. Yangekuwa mazima, angekuwa amewanyima chakula watu wenye njaa mbele ya Mungu na kanisa lake. Yangekuwa mabovu, ingekuwa kumi na mmoja tena, na safari hii ni watoto.

Mke wake, aliyekuwa akimpokezea makopo, alimwekea mkono begani. "Baba watoto, mwambie mchungaji."

Akamwambia yote, kwa sauti ya chini, akitazama kijiko. Fundi alikuwa ameshakwenda na toroli lake.

Mchungaji akachuchumaa kando yake. "Basi tufanye nini?"

"Sufuria ninazo. Majiko ninayo. Niletee chochote kilichoko katika nyumba za juu, ambako maji hayakufika. Hata kikombe kimoja cha mchele."

Mke wake na mchungaji walipita mlango kwa mlango. Wakarudi na mchele, dengu, viazi, nusu kabichi, vitunguu vya kuhesabika. Kijiko alipanga majiko manne uani mwa kanisa, akayazibua matundu moja moja kwa sindano, akapampu hadi moto ukawa wa buluu na kuvuma. Akavitia vyote pamoja, akakoroga kwa mikono miwili. Mtoto mmoja akauliza chakula kile kinaitwaje.

"Kinaitwa njoo na sahani," alisema.

Kufikia alasiri watu wote walikuwa wakila, watoto kwanza. Kijiko alikuwa akijikwangulia ukoko wake wa mwisho fundi alipokuja, ameshika kopo lililofunguliwa kwa mikono miwili. Harufu ilimtangulia. Alikuwa amelichomoa kwenye kasha alipokuwa akiondoka dukani.

"Nilitaka kumpa binti yangu," alisema. "Nilipolifungua..."

"Amekula?"

"Hajala."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee. Wala foleni hakupanga, nilimwambia anisubiri."

Kijiko aliinamisha kichwa, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Kisha akausogeza ule ukoko wote kwenye sahani, akampa. "Mpelekee ungali moto. Halafu urudi, tuna makasha thelathini ya kufukia."

Walifukia siku mbili, fundi akichimba.

Kijiko alipofariki, miaka baadaye, fundi huyo ndiye aliyeyawasha majiko kuwapikia waombolezaji, na alijichoma vidole mara mbili kabla hayajakubali. Wakati wa kumvalisha marehemu, mtu mmoja alisema kijiko kiachwe mfukoni, aende nacho. Mjane alikitoa.

"Hiki ni cha kazi," alisema.

Jumatatu iliyofuata alifungua duka. Kulikuwa na kasha moja, la mnada wa mwisho, ambalo mzee hakuwa amelifikia. Akakaa juu ya ndoo, akainamisha sikio, akagonga kopo la kwanza.