Mke Mwenza Anayelipiwa Kila Mwaka

Mume wangu aliinunua pikipiki ile Tunduma, kwa dalali mmoja karibu na mpaka. Ilikuwa kubwa, mtumba, na kwenye usukani ilikuwa na skrini ya ramani. Ndani ya skrini kulikuwa na mwanamke. Aliongea Kiingereza kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuunguza ugali, na alijua njia zote za dunia isipokuwa za Songwe. Kwake yeye, ukishapita Mlowo palikuwa peupe.

"Ramani imepitwa na wakati," mume wangu alisema. "Inabidi kulipia mpya."

Kulipia kwenyewe kulikuwa safari. Fundi wa simu wa Tunduma alimtafutia mtu mwenye kadi inayokubalika ng'ambo, mchana wote ukaishia hapo, na jioni akarudi nyumbani Vwawa akicheka peke yake. Ada yenyewe ni ya kila mwaka. Nilimwambia hata mahari hailipwi kila mwaka. Akasema sielewi teknolojia. Tangu siku hiyo nikamwita yule mwanamke mke mwenzangu, na kusema kweli alinishinda. Yeye akisema geuka kushoto, mume wangu anageuka. Mimi nikimwomba ageuze godoro, miezi inapita.

Ningecheka tu kama si mdogo wangu. Alikuwa amempenda binti wa Kamsamba, huko chini kwenye joto na mpunga, na mshenga wetu alikuwa mume wangu. Mara mbili tuliahidi kwenda, mara mbili mvua ikatuzuia. Baba wa binti akatuma ujumbe: Jumamosi hii ndiyo ya mwisho, kuna watu wengine wanaulizia. Mdogo wangu akakonda. Alimwomba binti amtumie kwa simu lokesheni ya kwao, ile alama ya ramani ya mahali mtu aliposimama, akamkabidhi mume wangu aiweke kwenye skrini.

Sasa, kwetu mshenga haendi ukweni moja kwa moja. Hata kama amezaliwa kijiji hicho hicho, anasimama nyumba ya kwanza, anashuka, anasalimia, anauliza: kwa fulani ni wapi? Hapo wenyeji wanapata nafasi ya kupeleka habari. Wazee wanavaa, uwanja unafagiliwa, kuku anakamatwa. Kuuliza njia ndiyo hodi yenyewe.

Jumamosi ilipofika tukaenda wawili, mimi nimekaa nyuma ya pikipiki, na nyumba ya kwanza ya Kamsamba tuliiona. Mama mmoja alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai. Alipotuona akasimama, akajifuta mikono, tayari kuulizwa.

"Simama," nilimwambia mume wangu.

"Sasa nimelipia ramani ya nini, kama ni kuja kuuliza watu?" Akampungia yule mama mkono kama mgombea kwenye kampeni, akapita.

Mke mwenzangu akatutoa barabarani, akatuingiza kwenye tuta la majaruba ya mpunga, tukayumba katikati ya maji na vyura. Haki yake nampa, hakukosea hata kidogo. Alitufikisha nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa matete, akatangaza kwamba tumefika. Juu ya uzio kikachomoza kichwa chenye povu la sabuni. Kilikuwa cha baba wa binti.

"Nani amewaonyesha hapa?" aliuliza.

Mume wangu akaonyesha skrini. Kisha, kwa sauti nyembamba, akaongeza kwamba binti mwenyewe ndiye aliyetuma mahali hapa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana hapo ndipo sote tulipojua binti alikuwa anasimama wapi akiaga kwamba anakwenda kuoga, kumbe anaongea na mdogo wangu kwenye simu. Povu lilimteremka mzee usoni, asilifute. Nikajua ndoa ya mdogo wangu ndiyo imekwisha.

"Rudini," alisema hatimaye. "Mje kama wanavyokuja watu."

Tulirudi tukisukuma pikipiki, maana hata kuiwasha mume wangu aliona aibu. Yule mama wa mpunga alikuwa bado amesimama pale pale. Alituona tulipopita, na bila shaka aliona na tulikoishia.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema.

"Marahaba, baba. Mnatokea wapi?"

"Vwawa."

"Ee, poleni na safari. Mnatafuta kwa nani?"

Akataja jina la mwenye nyumba. Mama akanyoosha mkono, bila hata kutabasamu, kuelekea paa tulilotoka kulikimbia.

"Ni pale. Ila ngojeni kwanza nipeleke habari. Sijui kama ameshamaliza kuoga."

Tulingoja juani mpaka tukaitwa. Mzee alikuwa mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, akatupokea kama vile hajapata kutuona.

"Karibuni. Njia mmeipataje?"

Mume wangu akaipa pikipiki mgongo. "Tumeuliza, baba."

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Machozi yakanilenga, ya furaha na ya hasira pamoja. Posa ikapokelewa.

Mdogo wangu ameshaoa. Bafu nalo limehamishwa, sasa liko chini ya dirisha la mzee. Majuzi mwaka ulitimia, skrini ikadai ada yake, nami nikajua safari hii mume wangu ataikataa.

"Lazima nilipie," alisema. "Inaonyesha bafu la mkwe bado liko nyuma."