Nilisasisha kernel, kompyuta ikawa bubu wakati alto wanasubiri sauti ya marehemu mke wangu

Wakuu, hamjambo humu.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nikikosea maneno ya kitaalamu mnirekebishe. Yaliyomo humu yamenitokea mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui.

Nipo Tukuyu, Ibighi. Nina banda hapa nyumbani la kuingiza nyimbo kwenye flash na memory card za watu.

Zamani nilitumia Windows. Kila flash ya mteja ilikuja na virusi vyake, nikachoka. Humu humu mdau mmoja akanishauri nihamie Linux. Nikahamia, na sijajuta.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa anaongoza alto, ile sauti ya pili ya kina mama, kwenye kwaya yetu. Wale wa kwaya wengi hawasomi nota. Kwa hiyo wimbo mpya alikuwa anaurekodi nyumbani kwenye kompyuta yangu, sauti ya alto peke yake, kisha wenzake wanakuja kusikiliza mpaka wanaishika.

Aliugua, akatutoka. Hilo sitalieleza sana.

Kabla hajazidiwa alikuwa amerekodi wimbo mmoja wa mavuno ambao kwaya ilikuwa haijawahi kuuimba. Mwalimu wa kwaya akaamua uimbwe Jumapili ya mavuno. Sauti nyingine walikuwa nazo. Alto ilikuwa kwangu tu.

Wajuzi mtauliza kwa nini sikuihamishia kwenye simu. Faili lilikuwa la ile programu ya kurekodia, simu ikalikataa. Kwamba ndani ya programu kuna sehemu ya Export inayotoa mp3, nimejua baada ya haya yote. Mnicheke tu.

Basi, Jumamosi asubuhi, alto wanakuja mchana, nikasema mashine niiandae vizuri. Ikaniambia kuna update. Nikakubali. Ikapakua, ikaweka kernel mpya, yaani kile kiini cha mfumo, nikawasha upya.

Nikafungua ule wimbo, nikabonyeza play. Mstari unatembea, mawimbi nayaona yanapanda na kushuka, sauti hakuna.

Nikaenda Settings, sehemu ya Sound. Badala ya jina la kadi pameandikwa Dummy Output, yaani tundu la uongo. Pale juu alama ya spika ina X.

Nikaandika aplay -l. Ikajibu haioni kadi yoyote ya sauti.

Wakuu, nilikaa chini. Nilijua faili lipo, halijapotea. Lakini ukiona sauti ya mtu wako inatembea kwenye kioo na huisikii, unajisikia kama umemfungia mlango.

Kabla ya hapo nilikuwa sijaifungua hata mara moja tangu tumzike. Nilikuwa naogopa. Sasa ndiyo nimejikaza, na haisikiki.

Nikaingia humu jukwaani nikatafuta. Nikakuta uzi wa zamani, mtu ana tatizo kama langu. Akajibiwa kwamba kernel ya zamani huwa haifutwi, ipo. Zima, washa, shikilia Shift, ingia Advanced options, chagua ile ya nyuma.

Nikafanya hivyo. Ikawaka. Nikaandika uname -r, kweli ni kernel ya zamani. Nikaandika aplay -l, kadi hiyo hapo!

Nikashukuru Mungu. Nikabonyeza play.

Kimya.

Nikachomoa waya wa sabufa nikachomeka tena. Nikabadilisha tundu. Nikachomeka earphone. Kimya vilevile.

Hapo mvua imeanza, na alto ndio wanaingia wanakung'uta miavuli. Mbele yao Mama Suma, ambaye sasa ndiye anaongoza alto, na shemeji yangu Tusa, mdogo wake marehemu.

Nikawaeleza. Mama Suma akaangalia kompyuta, akaangalia sabufa.

"Baba Neema, hii mashine imetununia. Labda haijapewa chai."

"Chai gani, mpe ndizi," mwingine akadakia. "Mashine ya Kinyakyusa haifanyi kazi na njaa."

Wakacheka. Mimi nikacheka kwa heshima tu. Moyoni nilikuwa nahesabu kwamba kesho alto watasimama midomo mitupu na wimbo utaachwa.

Tusa hakucheka. Alikuwa anaitazama ile alama yenye X.

"Shemeji, hako ka X si ndiko kalikokuja siku ya msiba?"

"Msiba upi?"

"Wa dada. Watu walikuwa wanachajia simu hapa, mashine yako inalialia ting, ting. Nikakwambia nyamazisha hiyo kitu, kwetu nyumba ya msiba redio hailii. Ukabonyeza hapo. Uliwahi kuifungua?"

Wakuu, sikuwahi.

Ukweni kwangu wanashika sana hilo. Msibani wanaimba watu kwa vinywa vyao, mashine zote zinanyamaza mpaka tanga lianuliwe. Tanga tulianua, wageni wakaondoka, banda nikafungua. Lakini nilikuwa naingizia watu nyimbo bila kuzisikiliza. Sikuwa na hamu ya muziki. Wateja wanajaribia kwenye redio zao. Nilipoiona ile X baada ya update, nikaihesabia kernel.

Mama Suma akapiga makofi. "Kumbe maskini bado iko matangani! Sisi tumeanua, yenyewe hamkuiambia."

Nikabonyeza kile kitufe. X ikaondoka. Nikabonyeza play.

Kwanza kikaja kikohozi. Mama Neema alikuwa lazima akohoe kabla ya kuimba. Halafu akasema, "Haya alto, msilale, sisi ndio tumeshika katikati." Akaanza.

Tusa alijifunika uso kwa kanga. Mwisho wa wimbo ikasikika, "Baba Neema, zima hiyo, viazi vinaungua."

Tukacheka wote, hata mimi, na safari hii sio kwa heshima.

Wakaurudia mpaka wakaushika. Jumapili wakaimba. Mimi nilikaa nyuma. Alto hawakulala.

Nilichojifunza: sauti ikipotea baada ya kernel mpya, jaribu kwanza ya zamani. Ikigoma bado, usidhani ni tatizo lilelile. Yanaweza kuwa mawili, na moja ukawa umeliweka mwenyewe kwa nia njema. Angalia mute. Anayejua zaidi aongeze.

Swali langu kwa wataalamu: nimebaki kwenye kernel ya zamani. Kuna ubaya nikikaa hivi, au kuna namna ya kuirekebisha mpya? Niambieni taratibu, nitafuata.

Na wewe mdau wa ule uzi wa zamani, kama bado unaingia humu, ndaga fijo, yaani asante sana kwa lugha ya kwetu.

Naandika hapa bandani, mvua inanyesha, sabufa inaimba. Mteja amekuja sasa hivi anauliza huyo anayeimba ni nani, nimwekee kwenye flash. Nimemwambia asubiri, niukate kwanza pale kwenye viazi.