Sufuria ya Fundi Wegesa

Mafundi wengine wa Nyamisangura, mjini Tarime, hubeba bisibisi na koleo. Wegesa Machage hubeba hivyo vyote, na juu yake sufuria iliyoungua kitako. Sokoni watu humtania: "Fundi, leo unapika nini?" Naye hujibu bila kusimama, "Napika uongo, nione kama utaiva."

Jumamosi moja alikuwa Turwa, kwenye nyumba ya kupangisha ya mzee Werema. Boila jipya la kuchemshia maji ya kuogea lilikwisha kufungwa ukutani. Lililokosekana ni thamostati, kile kidude chenye mkia mrefu kinachokata umeme maji yakishapata moto wa kutosha. Mpangaji, nesi Kokushubira aliyehamishwa kutoka Bukoba, alikuwa anahamia siku hiyohiyo na mwanawe wa miaka miwili. Baridi ya Tarime ilikwisha kumshinda. Nyumba hiyo aliichagua kwa ajili ya maji ya moto tu.

Mzee Werema akaingia na kifurushi cha gazeti.

"Shikamoo, tata," Wegesa akamwamkia, akimwita baba kwa Kikurya.

"Marahaba. Thamostati hii hapa, nimeitoa kwenye boila langu la zamani. Miaka ishirini haijanisumbua. Funga tumalize, na zile nyumba zangu tano nyingine ni kazi yako."

Wegesa akaipima mkia: urefu uleule. Akasoma tena kibati cha boila, kile alichokwisha kukisoma asubuhi: wati elfu tatu, yaani ampea kumi na tatu. Akasoma thamostati ya mzee: ampea kumi. Ingebeba mzigo ule kama punda aliyeongezwa gunia, atembee wee, halafu siku moja aanguke na vyote.

"Tata, kuingia inaingia. Lakini hata ndama mgeni huingia zizini, na si kila ng'ombe atakubali kumnyonyesha."

"Unanifundisha ng'ombe, mimi?"

Kokushubira akainamisha macho. Wegesa alijua amekanyaga pabaya. Huku mzee hakosolewi mbele ya mgeni, sembuse na binti kama yeye. Nyumba tano zilikuwa zinamponyoka. Fundi mwingine angefunga kile kidude akaenda zake. Lakini Wegesa, akiwa bado anajifunza kazi kwa fundi Elia, aliwahi kuona dari iliyopasuliwa na boila lililochemka bila kuzimwa. Bahati tu hapakuwa na mtu bafuni.

Hakubishana. Alitoka uani, akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria ya maji.

"Tata, naomba wewe uwe hakimu."

Akaunganisha nyaya za mita ya umeme kwenye thamostati ya zamani, akampa mzee mita ashike. Ikilia, umeme unapita; ikinyamaza, thamostati imekata. Akaitega thamostati hiyo kwenye nyuzi sitini, akatumbukiza mkia wake majini pamoja na kipimajoto.

Sitini ikafika. Mita inalia. Sabini.

"Itakata," mzee akasema.

Themanini.

"Inafikiria," mzee akaitetea.

"Mzee," akasema Kokushubira, "ikimaliza kufikiria, mwanangu atakuwa ameiva."

Mzee akataka kukasirika, kicheko kikamtoka. Maji yakatokota, mvuke ukampiga usoni, na mita bado inaimba mkononi mwake.

Wegesa akabadilisha maji. Kutoka kwenye mkoba akatoa thamostati mpya, ya ampea ishirini na mkia wa urefu uleule. Aliinunua asubuhi, baada ya kusoma kibati. Kwenye sitini ikasema tik. Kimya. Mzee akangoja maji yapoe. Mita ikalia tena yenyewe.

"Ile nyingine nimeikataa," akatangaza, kana kwamba sufuria ilikuwa yake. "Siwezi kumwekea mpangaji wangu kitu cha kumbabua mtoto."

Wegesa alikuwa ameinama anapuliza makaa, akamwachia ushindi wote. Tunahubiri maendeleo majukwaani mpaka sauti zinakauka. Siku ile maendeleo yalikuwa uani Turwa, ndani ya sufuria iliyoungua kitako, na aliyeyaleta hakudai hata kupigiwa makofi.

Jioni mtoto alikuwa anapiga maji ya vuguvugu kwa viganja na kupiga kelele za furaha. Mzee Werema alisimama getini, ile thamostati ya zamani bado iko kwenye gazeti. Akaitazama, akasita, kisha akaitupa kwenye shimo la takataka.

"Fundi," akaita. Tangu asubuhi hakuwa amemwita hivyo. "Jumatatu, nyumba ya pili. Na sufuria usiisahau."