Fundo la Maluki Juu ya Mkalitusi

Maluki hakupanda mti hata mmoja bila mimi kuwa chini. Watu wa Makongeni walimjua yeye, kwa sababu ndiye aliyeonekana huko juu, mkanda kiunoni na msumeno ukining'inia. Mimi nilikuwa mshika kamba. Nimeshika kamba ya mume wangu miaka thelathini na moja na haikunitoroka hata siku moja. Nalisema mwenyewe kwa sababu aliyekuwa akilisema hayupo.

Aliponioa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na yeye alikuwa kibarua wa kupogoa miti ya kivuli kwenye mashamba ya kahawa upande wa Ruiru. Siku hizo alipanda kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe pajani, mpaka paja likaisha nywele. Baadaye akapata mkanda mkuukuu wa mafundi wa nguzo za stima, akaushona upya kwa uzi wa viatu, kisha akanunua nailoni. Jioni ile aliinusa ile nailoni kama mtu anayenusa mkate.

Akiwa juu upepo hula maneno, kwa hivyo tuliongea kwa kamba. Akivuta mara moja, nilegeze. Mara mbili, nishikilie. Mara tatu, niteremshe tawi. Na tawi zito halishikwi kwa misuli. Unaizungusha kamba mara tatu kwenye shina la mti mwingine, shina libebe uzito, wewe uachilie pole pole. Lakini mkononi haizungushwi kamwe. Nilimwona mwanamume mmoja Juja akiachwa bila vidole viwili kwa kosa hilo.

Yeye mwenyewe alijifunga kwa fundo aliloliita Mama Mkwe. Ukiliegemea linakaza, ukilisukuma kichwa kwa kidole gumba linaachia. Kwetu Ukambani mtu hafanyi mzaha na mama mkwe, hata kumtazama usoni ni shida, kwa hivyo jina hilo lilibaki juu ya miti. Mama yangu alizikwa bila kulisikia.

Miaka sita iliyopita alipanda mkalitusi wetu wenyewe hapa Theta, ule tulioupanda ukiwa mche mwaka tuliohamia kutoka Makongeni. Alifika kwenye panda ya juu, akajifunga, akakata tawi moja. Nilihisi kamba imetulia vibaya. Akaivua kamba fupi, ile inayoukumbatia mti mbele ya kifua, akaiacha palepale na fundo lake, akateremka kwa ile ndefu. Alisema kichwa kinazunguka.

"Nimemwacha Mama Mkwe huko juu," akaniambia. "Nitamfuata kesho."

Kesho yake mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimekataa. Alikaa hospitali siku nane, tukamrudisha nyumbani tukamzika.

Tangu hapo nikitoka asubuhi na ndoo ya ng'ombe, kwanza natazama juu. Mkia wa kamba ulikuwa hapo, umepauka, unacheza na upepo. Nilijua ni kamba tu. Lakini fundo lile ndilo kitu cha mwisho mikono yake ilifunga, na nililitaka chini likiwa zima.

Mwezi wa nne mwaka huu upepo uliangusha tawi juu ya mabati ya jirani yetu Waruguru. Hakugomba, ila alisema mti uende, na alikuwa na haki. Mwanangu Nzioki akamleta Khisa, mpanda miti anayekaa Gatongora. Nilivishika vyombo vyake kimoja kimoja. Mkanda wenye vitanzi vya mapaja, karabina, yaani pete za chuma zinazofungwa kwa skrubu, kofia ngumu, kamba laini kama ya kitambaa. Nilitamani Maluki angeuvaa mkanda ule hata siku moja tu, aketi huko juu kama mtu aliye kwenye kiti.

Nilimwomba Khisa jambo moja, asiikate kamba ile. Akapanda. Alipofika kwenye panda akaniita kama bibi wote wanavyoitwa huku.

"Shosho, mti umeimeza kamba. Gome limeota juu yake. Nikate?"

Nzioki akanitazama. Nikamwambia Khisa akate mti, juu ya kamba na chini ya kamba, gogo lishuke na fundo lake. Akasema gogo ni zito na ukuta wa Waruguru uko hapo chini. Nikamwambia alifunge kwanza, mengine yako kwangu.

Mshika kamba wake alikuwa Odhiambo, mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Nilimkuta ameizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono.

"Baba, vidole hivyo umevichoka?"

Akacheka. "Shosho, hii kazi ulisomea wapi?"

"Makongeni, chini ya miti."

Nikaifungua mkononi mwake, nikaizungusha mara tatu kwenye shina la mwavokado, yeye akashika mkia nyuma yangu. Msumeno ukalia, ukanyamaza. Gogo likaanguka ndani ya kamba, mwavokado ukatikisika, kamba ikakaza mikononi mwangu. Uzito ule niliujua. Nikasimama nikingoja mivuto mitatu.

Haikuja. Khisa alikuwa anapiga kelele tu, "Teremsha, Shosho, teremsha!"

Nikaachilia pole pole. Gogo likapita kando ya ukuta bila kuugusa, likalala kwenye nyasi. Gome lilikuwa limefumba juu ya kamba kama midomo, lakini fundo lilikuwa nje, jeusi, gumu. Nikapiga magoti, nikalisukuma kichwa kwa kidole gumba. Likakataa. Nikasukuma tena, likaachia kiasi cha unene wa ukucha.

Odhiambo akanyoosha mkono anisaidie kulifungua. Nikamwambia aache. Nikalirudisha, nikalikaza vile lilivyokuwa, nikamwambia Nzioki gogo hili lisichanganywe na kuni, alipeleke ndani, karibu na kitanda.

Jioni niliona kiganja kimechubuka, alama ya kamba kutoka kidole gumba hadi pembeni. Nzioki aliniletea mafuta. Sikupaka.